Uliuliza Kama Iko

Hamidou alisoma mistari ile ishirini na miwili mara tatu, na kila aliporudia, hasira ilimpanda. Haikuwa kazi mbaya. Kazi mbaya angeifuta na kwenda kunywa chai. Hii ilikuwa safi, imenyooka kama shati la Idi lililopigwa pasi, na katikati yake uongo umekaa kwa raha zake.

"Mardochée," aliita bila kugeuka. "Kuja uone kitu umeniletea."

"Nakijua, vieux. Njo mimi nilikiandika."

"Basi kuja ukione na macho ya muntu mwingine."

Mardochée alikuja na karanga zake mkononi. Alikuwa na miaka thelathini, injinia wa diploma, aliyesomea Kisangani na kurudi Kindu na miwani na maneno marefu. Hamidou alikuwa na arobaini, ndiyo maana Mardochée alimwita vieux, mzee. Shule aliiacha mwaka wa vita, hakurudi hata kuchukua daftari lake. Katika ofisi nzima ni wao wawili tu waliojua kuandika programu, na Hamidou alikuwa ameweka sheria moja: badiliko lolote haliingii kwenye mashine kabla mtu wa pili hajalisoma na kuandika jina lake chini. Mardochée alikuwa ameandika badiliko. Lilibaki jina la Hamidou.

Ofisi yao ilichunga frigo za chanjo za jimbo. Kila kituo cha afya, Lubutu, Pangi, Kabambare na kwingine, kilikuwa na frigo, jokofu la umeme wa jua, na ndani ya frigo kidude kidogo chenye laini ya simu. Frigo ikipata joto, kidude kinatuma mesaji Kindu. Isipopata joto, kinanyamaza, kwa kuwa mtandao wa huko ni wa kubembeleza. Mesaji zilipokelewa na modemu nne zilizochomekwa kwenye kompyuta kubwa kando ya dirisha, modemu moja kwa kila njia. Njia ya Lubutu ilikuwa modemu ya tatu.

Lakini programu yenyewe haikukaa katika ile kompyuta ya chuma. Ilikaa katika kompyuta nyingine isiyo na chuma, mashine iliyoundwa kwa programu na kufugwa ndani ya ile kubwa, ili siku kubwa ikifa kwa vumbi au kwa umeme wa Kindu, ile ya ndani ihamishwe nzima kama mtu anavyohama na godoro lake. Mama Odile, mkuu wa ofisi, aliiita jini. Na kweli ilikuwa na tabia za jini: inafanya kazi za watu lakini haina mikono. Ikitaka kugusa modemu, lazima ile ya nje iiazime. Kwa hiyo kulikuwa na swali ambalo jini huuliza siku nzima: kifaa hiki kina hali gani? Na jibu lilitokea kwenye ekrani kubwa ukutani, kwa rangi ya kijani. PANGI: IKO. KABAMBARE: IKO. LUBUTU: IKO.

Swali hilo Hamidou ndiye aliyeliandika, miaka mitatu nyuma, na lilikuwa zito. Kila modemu ilichukua nusu dakika, na wakati huo wote ekrani inaganda kama mtu aliyesahau jina lako. Mardochée alikuwa amelifanya jepesi.

"Hapa," Hamidou alisema, akiweka kidole juu ya kioo. "Hapa umeiambia isiulize. Ikumbuke jibu la mwisho, itoe lile lile, saa nzima."

"Ndiyo, ikumbuke. Modemu haiendi soko, vieux. Kama ilikuwa iko saa tatu, saa tatu na nusu itakuwa imekwenda wapi?"

"Inaweza kufa."

"Hata mimi naweza kufa. Mbona huniulizi kila nusu dakika?"

"Ungekuwa na chanjo tumboni, ningekuuliza."

Mama Odile alitokea mlangoni, miwani juu ya kichwa, karatasi kifuani. Kesho yake, Alhamisi, wageni wa Kinshasa walikuwa wanakuja kuona ekrani ile, na tangu Jumatatu alikuwa anatembea kama mtu anayebeba maji yaliyojaa mpaka mdomoni.

"Hamidou, tia jina."

"Mama Odile, hii kitu inajibu kwa niaba ya mwingine."

"Mwingine gani? Ni modemu."

"Njo vile inaanza."

Mardochée alicheka kwa pua. "Sasa phonie inakuja. Mama Odile, kaa chini, phonie inakuja."

Habari ya phonie kila mtu pale aliijua, maana Hamidou aliitoa kila alipotaka kumkatalia mtu jambo. Mwaka wa 2001 Kindu ilikuwa kama kisiwa. Treni haikuja, barabara zote zilikuwa na wenye bunduki, na kila kundi na jina lake. Nyuma ya soko kulikuwa na mtu aitwaye Florentin aliyekuwa na phonie, redio ya kuitana mbali, yenye betri ya gari na waya mrefu uliopanda juu ya paa. Kila asubuhi Florentin aliita vituo kimoja kimoja na kuandika daftarini. Wafanyabiashara wa baiskeli hawakutoka mjini kabla ya kuuliza kwake. Kassim, baba yake Hamidou, alikuwa anasukuma baiskeli ya chumvi mpaka Pangi, kwa wachimba madini, na kurudi na mafuta ya mawese. Siku moja alitoka kwa neno la Florentin kwamba Pangi iko. Kumbe Pangi ilikuwa kimya siku ya nne. Kassim hakuonekana tena, wala baiskeli, wala chumvi.

Hivyo ndivyo alivyoisimulia, na mwisho wake ulikuwa mmoja siku zote: Florentin alijibu kwa niaba ya Pangi. Hapo alinyamaza na wasikilizaji wakanyamaza, na mara nyingi alipata alichotaka. Kulikuwa na kipande alichokiruka. Alikuwa amekiruka miaka mingi sana, hata mguu wake ulishazoea lile shimo na haukuhitaji tena jicho.

"Sitaki phonie," Mama Odile alisema. "Nataka ile ekrani isigande mbele ya wageni. Ikiganda nitaingia chini ya meza, na nyinyi wawili njo mutanitoa."

"Nitakuonyesha," Hamidou alisema. "Dakika tano tu. Kisha uniambie kama nitie jina."

Alikuwa na jini la pili, nakala ya lile la kwanza, la kujaribia mambo. Akaliwekea badiliko la Mardochée, akaliunganisha na ekrani ya ukutani. Kisha akaenda dirishani, akashika modemu ya tatu, ile yenye taa yake ndogo ya kijani, akaing'oa. Taa ikazimika. Wote watatu wakatazama ukutani.

LUBUTU: IKO.

"Iko wapi?" Hamidou aliuliza, akiiinua modemu juu kama mchinjaji anavyoinua kichwa cha mbuzi. "Niambieni. Iko wapi?"

"Iko mukononi mwako," Mardochée alisema. "Lakini iko."

Mama Odile alicheka, akajiona anacheka, akaacha. "Mardochée, hiyo si muzuri."

"Si muzuri, ninakubali. Lakini ngoja." Mardochée alipangusa maganda ya karanga kwenye suruali. Masikio yake yalikuwa yameiva. "Sasa weka ile yako, vieux. Modemu ikae vile vile mukononi. Tuone ile ya wakubwa inasema nini."

"Itasema haipo."

"Weka tuone."

Hamidou aliweka ile ya zamani. Aliiweka polepole, kwa starehe, kama mtu anayetoa kitambulisho kwa askari akijua hakina kasoro. Ekrani ikaganda. Nje, grupe, jenereta ya ofisi, ilikohoa, ikashika tena. Mtu alipita barabarani na pikipiki akibishana na abiria wake juu ya njia ya Alunguli. Nusu dakika ni ndefu ukiihesabu.

LUBUTU: IKO.

 Hamidou alitazama ukuta, akatazama mkono wake, akatazama ukuta. Akauliza tena. Nusu dakika nyingine. IKO. Akauliza mara ya tatu. Mtu anayepekua mfuko uleule mara tatu hatafuti tena ufunguo. Anatafuta mahali pa kuficha uso.

"Ile yako inachelewa kusema uongo," Mardochée alisema, wala hakusema kwa sauti kubwa. "Ile yangu inasema haraka. Njo tofauti."

Hamidou alikaa, akafungua mistari yake mwenyewe ya miaka mitatu iliyopita. Aliisoma kama mistari ya mtu mwingine, mtu asiyependwa. Haikuchukua muda. Swali lake halikwenda kwenye modemu hata kidogo. Lilikwenda kwa mashine ya nje na kuuliza: je, umemwazima jini kifaa hiki? Mashine ya nje inafungua orodha yake, inaona imeandikwa imemwazima, inajibu: ndiyo. Kama ungemwuliza jirani kama alimkopesha shemeji yako baiskeli, naye akakuambia alimkopesha. Baiskeli yenyewe inaweza kuwa chini ya mto Lualaba, na jirani hakukudanganya.

Ile nusu dakika, ambayo alikuwa akiitetea kama uzito wa ukweli, ilikuwa ni uzito tu.

"Tumuulize mwenyewe," Mardochée alisema. Alisogeza kiti, na kejeli ilikuwa imemtoka. "Andika A na T. Modemu hai lazima iseme OK."

Hamidou alijua. Florentin hakumfundisha hilo, lakini aliyejifunza kwa Florentin kuamsha redio hashindwi kuamsha modemu. Akaandika kwa modemu ya kwanza: AT. Ikajibu papo hapo: OK. Ya pili: OK. Ya nne: OK. Akaichomeka ya tatu mahali pake, taa ya kijani ikawaka vizuri, nzuri kuliko zote. AT. Kimya. AT. Kimya.

"Umeiharibu kwa kuing'oa," Mama Odile alisema.

"Haifi kwa kung'olewa."

Akafungua daftari la mesaji. Kila Jumatatu kila frigo ilituma salamu moja, neno moja tu la kusema laini ipo, salamu ambayo hakuna aliyeisoma kwa kuwa ukutani kulikuwa na kijani. Salamu ya mwisho ya njia ya Lubutu ilikuwa ya Jumatatu wiki mbili nyuma. Siku kumi na sita. Kwa siku kumi na sita ile modemu ilikuwa maiti yenye taa, na kimya chake kilihesabiwa kuwa uzima.

Kabatini kulikuwa na modemu moja ya akiba. Mardochée alihamisha laini, akaichomeka. AT. OK. Hazikupita dakika tatu, mesaji ambazo mtandao haukuwa umezitupa zikaanza kuingia moja moja, za zamani na za leo zikisukumana mlangoni. Lubutu, joto kumi na moja. Lubutu, kumi na nne. Lubutu, kumi na saba. Lubutu, kumi na sita, leo asubuhi. Chanjo haitakiwi kupita nane.

Mama Odile aliketi juu ya kona ya meza. "Maskini Francine," alisema.

Hapo ndipo Hamidou alipokumbuka, na afadhali asingekumbuka. Jumanne ya wiki iliyopita, Francine, muuguzi wa Lubutu, alipiga simu. Sauti ilikuwa inakatika. Hamidou alikuwa na kipande cha muhogo mdomoni. "Papa Hamidou, ile frigo yetu iko?" Naye akainua macho ukutani, akameza, akasema: "Iko."

Alitoka nje na simu, akaenda kusimama kwenye pembe ya ukuta ambako mtandao ulipatikana. Alipiga mara sita. Mara ya saba ikaita.

"Francine, ni Hamidou wa Kindu."

"Papa Hamidou. Habari ya kwako? Mama watoto?"

"Wazima. Francine, hiyo frigo iko na joto."

 Hamidou alisikia watoto wakilia nyuma ya Francine, na mwanamke akiwaambia nyamazeni. "Uliniambia iko," Francine alisema.

"Nilikuambia. Fungua, toa chupa ya surua, angalia kile kiraba kwenye kifuniko."

Kila chupa ya chanjo ina alama, duara la zambarau lenye kiraba cheupe, mraba mdogo, katikati. Joto likiipata, kiraba kinaiva kidogo kidogo. Kikifanana na duara lake, chupa imekufa.

"Kimefanana," alisema Francine aliporudi.

"Zote?"

"Zote za surua. Papa Hamidou, Ijumaa nilichanja."

"Watoto wangapi?"

"Thelathini na saba. Mama wengine walitoka mbali, siku nzima kwa miguu."

"Ijumaa hukuangalia kiraba?" Swali lilimtoka kabla hajalizuia, na lilitoka kwa ukali.

"Niliangalia. Kilikuwa karibu sawa. Jumanne nilikuwa na mashaka, njo maana nilikupigia. Ukaniambia iko. Basi nikasema, wale wa Kindu wako na mashine, mimi niko na macho tu."

 Hamidou alimwambia asitoe hata tone moja tena, amwambie mkubwa wake wa kituo sasa hivi, na aandike majina ya wale thelathini na saba, kijiji kwa kijiji, maana itabidi warudiwe. Alimwambia pikipiki itatoka leo na sanduku la barafu, siku mbili kama madaraja yamesimama. Francine alisema asante. Asante ile ilimuuma kuliko tusi.

Alipokata simu alichuchumaa chini ya ukuta, na kile kipande alichokuwa akikiruka kikamjia chote, bila kubisha hodi.

Aliyekwenda kuuliza kwa Florentin mwaka ule hakuwa Kassim. Kassim alikuwa anafunga mifuko ya chumvi kwenye baiskeli. Alimtuma mwanawe, Hamidou wa miaka kumi na sita. Na hakumwambia akaulize kama Pangi iko. Alimwambia hivi, maneno yake Hamidou bado anayo masikioni: "Muulize Florentin, Pangi imesema nini leo." Hamidou alikimbia. Kulikuwa na mpira uwanjani, timu zimeshachaguliwa. Florentin alikuwa ameinamia betri yake akikwangua kutu, watu wamemzunguka. Hamidou alisimama kwa nyuma na kupaza sauti juu ya mabega yao: "Papa Florentin, Pangi iko?" Florentin hakuinua kichwa. "Iko," alisema. Hamidou akakimbia mpaka nyumbani: "Baba, Pangi iko." Kisha uwanjani.

Wiki tatu baadaye mama yake alimburura mpaka kwa Florentin kumuuliza aliwezaje kusema vile. Florentin alifungua daftari. Mbele ya Pangi, siku nne mfululizo, alikuwa ameandika kwa mkono wake: haijibu. "Mutoto aliniuliza kama iko," alisema. "Iko. Aparei ya redio iko pale, antene iko pale, nilizifunga mimi mwenyewe. Hakuniuliza kama imejibu. Angeuliza, ningesoma." Mama yake alimtazama Hamidou mara moja, kisha akatazama chini, na hakuizungumza tena mpaka alipozikwa. Baada ya mwezi Florentin alikuja mwenyewe nyumbani kumchukua, akamfundisha betri, waya, risasi ya kuunganishia, kazi yote. Miaka sita walifanya kazi pamoja. Hakuna hata mmoja wao aliyelitaja jina la Pangi isipokuwa alipoiita hewani.

Daftari la Florentin lilikuwa na ukweli ndani yake. Swali ndilo lililokuwa bovu. Na muulizaji alikua, akanunua meza, akaliandika swali lilelile ndani ya mashine, liulize jimbo zima la Maniema usiku na mchana.

Aliinuka. 

Ndani, Mama Odile alikuwa ameshaanza kuandika ripoti. Pikipiki alishaiita, hilo lazima lisemwe. Alikuwa mwanamke wa kazi. "Nimeandika panne ya modemu, kwamba iliharibika tu," alisema. "Ilitokea, tumetengeneza, sanduku linavuka mto saa nane."

"Modemu ilikufa, ndiyo. Modemu zinakufa. Lakini modemu haikumwambia Francine iko. Mimi njo nilimwambia."

"Hamidou, usijitafutie."

"Andika: swali lilikuwa baya tangu mwanzo, na aliyeliandika ni Hamidou bin Kassim. Usipoandika nitaandika mimi, na Kifaransa changu unakijua. Utaona aibu mara mbili."

Mama Odile akaivuta miwani kutoka juu ya kichwa na kuiweka machoni. Akaandika.

Mchana huo wote Hamidou aliandika swali jipya. Halikuuliza tena mashine ya nje nani kakopeshwa nini. Lilikwenda mpaka kwenye modemu, likaandika herufi mbili na kungoja. Ikijibu, IKO. Isipojibu, HAIJIBU, kwa wekundu. Saa kumi alimsukumia Mardochée.

"Soma."

"Mimi? Injinia wa uongo wa haraka?"

"Soma, bwana. Nimechoka."

Mardochée alisoma. Alisoma kwa muda mrefu kuliko mistari ilivyostahili, na Hamidou akaanza kutikisa mguu. Mwishowe aliweka kidole juu ya kioo, palepale ambapo asubuhi kilikaa kidole cha mwenzake.

"Ninakataa."

"Kwa nini?"

"Unauliza modemu saa nne, inasema OK. Unaandika IKO. Mimi napita hapa saa tano, nasoma IKO. Ni ya saa nne au ya saa tano? Hujui. Mimi sijui. Francine hajui. Bado unajibu kwa niaba yake, vieux. Umepunguza tu."

 Hasira ilimpanda Hamidou, ikakosa pa kwenda. Kijana alikuwa na haki, na haki ya mtu anayetafuna karanga mbele yako inakera mara mbili.

"Na ile ya kwako ya kukumbuka?" alisema.

"Ile ya kukumbuka si mbaya. Ubaya wake haikusema inakumbuka ya lini. Tuiweke, pamoja na saa. Na hili neno IKO," aligonga kioo, "tulitoe. Kila muntu analisikia vile anataka."

Wakalitoa. Waliliondoa mahali kumi na saba katika programu, na kila mahali Hamidou aliona haya upya. Mahali pake waliandika ILIJIBU, na mbele yake saa na dakika. Mardochée akaandika jina lake chini. Hamidou akaandika lake.

Alhamisi wageni walikuja, viatu vyao vikiwa na vumbi jekundu la uwanja wa ndege. Mama Odile alikuwa amemwomba Hamidou asubuhi, kwa upole kabisa, kama haiwezekani kuifunika ile ya Lubutu hata kwa saa moja. Hamidou alisema hapana. Kwa hiyo ilikaa ukutani mbele ya watu wote: LUBUTU: FRIGO 15, na chini yake majina ya vijiji vya kurudiwa. Mgeni mmoja aliuliza kwa nini zamani palikuwa na kijani peke yake, akionyesha picha ya mwaka jana katika ripoti. Mama Odile alimgeukia Hamidou. Hamidou akajibu, kwa Kifaransa chake, na ilikuwa kama alivyotabiri. Wageni waliandika kwenye vidaftari vyao na hawakula mikate waliyoandaliwa.

"Umefurahi?" Mama Odile alimuuliza walipoondoka.

"Hapana," Hamidou alisema. Ilikuwa kweli.

Jumamosi asubuhi simu iliita. Francine. Pikipiki ilikuwa imefika, dereva matope mpaka shingoni, na barafu bado ngumu. Wamechanja kumi na mmoja kati ya wale thelathini na saba. Ishirini na sita bado, na tisa kati yao hakuna ajuaye walikwenda upande gani, maana mama zao ni watu wa machimbo, leo wapo, kesho wamehama. Fundi wa kituo alikuwa ameweka betri nyingine kwenye frigo na kukibonyeza kidude kitume joto lake.

"Papa Hamidou," alisema, "sasa niambie. Yetu iko?"

Hamidou alikuwa anakabili ukuta. Alisoma kwanza, mstari mzima, mpaka mwisho.

"Modemu yenu ilijibu saa nne na dakika sita," alisema. "Frigo ilisema joto sita, saa nne kasoro kumi. Baada ya hapo sijui."

"Hujui?"

"Sijui. Weka mukono ndani, uniambie wewe."

Alisikia mlango wa frigo ukifunguliwa, huko Lubutu. Akangoja.